Kikapu cha Sweta Nyekundu

Kimerudi kitupu. Nakwambia wewe kwa sababu najua utanielewa. Miaka kumi kimekaa kwa yule mama, na kimerudi hakina hata punje moja. Ilikuwa jana, hapa Louisville, ukumbini kwenye harusi ya shangazi yangu mdogo. Watu wamekaa, wali umeanza kugawiwa, mara namwona anakuja kutoka meza ya wageni wa Columbus. Amenenepa. Kitenge kipya, kilemba kirefu, na mikononi ameshika kitu kidogo chekundu chenye mfuniko uliochongoka. Nilikijua kabla hajanifikia, maana kabla ya kuwa kikapu kilikuwa sweta yangu.

Akanipa kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. "Kikapu cha bibi yako," akasema. "Poleni na msiba wake." Basi. Akageuka, akarudi kwenye wali wake. Nikafunua mfuniko mbele ya meza nzima, na ndani hamkuwa na kitu.

Labda kwenu kikapu ni kikapu tu. Kwetu sisi Warundi, mtu akikuletea kitu ndani ya kikapu, humrudishii kitupu. Utatia chochote: unga, mayai mawili, ndizi, hata chumvi. Ukikirudisha kitupu, umemwambia mwenzako bila kufungua mdomo kwamba mimi na wewe tumeishia hapo. Hilo tulilijua tukiwa wadogo, hata kuhesabu hatujui. Kwa hiyo jana sahani ya harusi niliiacha na wali wake. Na leo nimekaa jikoni kwa shangazi mkubwa, hapa mtaa wa Beechmont, nyumba nzima imelala kwa uchovu wa kucheza, kikapu kiko mapajani mwangu, na akili yangu imekwenda Buffalo, kwenye ile siku ya theluji.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Ulikuwa mwaka wetu wa tatu Marekani, elfu mbili na kumi na tano hivi. Mimi nilizaliwa kambini, mkoa wa Kigoma, kwa hiyo theluji ya kwanza niliilia, ya pili nikaizoea, ya tatu nikaanza kuipenda kwa sababu shule zilikuwa zinafungwa. Tuliishi kwenye nyumba ya mbao ya ghorofa mbili. Sisi chini: mama, bibi na mimi. Juu aliishi mwenyekiti, ndiye yule mama wa jana, na mume wake. Alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, na hakuna aliyemwita kwa jina lingine. Sauti yake ilitangulia, yeye akafuata.

Sitaki kusema uongo: alitufaa. Yeye ndiye aliyekuwa na gari. Alimpeleka bibi hospitali, akamleta na dawa zake. Karibu kila siku alishuka, wakakaa wawili mezani wakichambua maharagwe na kusengenya kwa Kirundi, bibi anacheka mpaka anashika mbavu. Bibi hakuwa na mtu mwingine wa kuongea naye mchana. Mama alifanya kazi kiwandani Tonawanda, akirudi anaanguka kitandani. Mimi nilikuwa shule, na nikirudi najibu kwa Kiingereza, bibi ananifokea, "Ongea lugha ya watu!"

Sasa sikiliza alichofanya. Bibi alikuwa na kikapu kilichosukwa na mama yake mzazi, rangi ya udongo na nyeusi. Alitoka nacho Burundi amekibeba kichwani, kikiwa na mbegu za maharagwe, akaingia nacho Tanzania. Kambini kiliangukia jikoni kwenye makaa, kikapata doa la moto ubavuni, na hata hivyo hakukiacha. Nguo aliacha, sufuria aliacha, kikapu akapanda nacho ndege. Basi siku moja mwenyekiti akashuka na maneno matamu: eti maktaba ya mtaani wanaonyesha vitu vya mikono vya watu wetu, mama niazime kikapu chako, jioni nakirudisha. Bibi akampa. Jioni akarudi mikono mitupu, uso umekunjamana. "Mama, wamekiiba. Nimegeuka kidogo tu, sikioni."

Bibi hakulia wala hakumlaumu. Siku mbili alikunywa chai tu. Siku ya tatu akafungua kabati langu, akatoa sweta yangu nyekundu, ile niliyopewa kanisani, niliyoipenda kuliko nguo zote, akatafuta ncha ya uzi na kuanza kuifumua. Kambini walikuwa wakifumua viroba vya msaada kupata nyuzi za kusukia. Huku walitupa sweta, na bibi akiona sweta aliona nyuzi. Nililia. Akaniambia, "Mwili wako utakua, sweta haitakua. Kikapu hakiwi kidogo."

Wiki iliyofuata darasa letu lilipelekwa maktaba. Kwenye ubao wa matangazo kulikuwa na picha. Mwenyekiti, meno yote nje, ameshika kikapu cha bibi kifuani, na chini yake wameandika kwamba ni kazi ya mikono yake. Loo! Nilisimama pale mpaka mwalimu akanivuta mkono. Sikumwambia mtu. Nani angenisikiliza? Mtoto hamwiti mtu mzima mwizi, tena mwenyekiti. Lakini kuanzia siku ile alinikoma. Nilimwekea chumvi kwenye chai. Nilimjazia theluji kwenye buti zake alizoacha mlangoni. Alipokuwa anaomba kabla ya chakula, mimi nilifumbua macho nikamkodolea mpaka amina. Na bado haikunitosha. Nilitaka siku moja avuliwe nguo mbele ya watu, na nilikuwa tayari kuingoja.

Siku yenyewe ilianza kwa ukimya. Niliamka hakuna gari, hakuna basi, hata mbwa wa jirani amenyamaza. Dirisha la jikoni lilikuwa jeupe mpaka nusu, na mwanga ulioingia ulikuwa wa buluu. Mama alipiga simu kutoka Tonawanda: mabasi hayatembei, wamewalaza kantini ya kiwanda, tusitoke nje. Bibi akabandika maharagwe, akatia mawese, akachemsha chai ya tangawizi. Hita yetu ilikuwa inanguruma vizuri, na glavu zangu nilizozitandika juu yake zilitoa harufu ya mbwa aliyelowa. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo, sioni shule.

Mlango uligongwa. Alikuwa jirani wa nyumba ya pembeni, baba mmoja Mkongo kutoka milima ya Kivu, aliyefanya kazi kiwanda kimoja na mama, zamu tofauti. Alikuwa amechimba njia kutoka kwake mpaka kwetu kwa trei ya kuokea mikate, maana koleo la theluji hakuwa nalo. Nyusi zake zilikuwa nyeupe. Akaweka chupa ya mawese mezani, akasema, "Bon, mama, njia iko tayari. Munaweza kutoka. Lakini mutaenda wapi?" Bibi akacheka, akamkalisha karibu na hita.

Hatujamaliza kikombe, mwenyekiti akashuka, amejifunga blanketi juu ya koti. Hita ya juu ilikuwa imezimika tangu alfajiri, na mume wake amekwama ghalani kazini. "Mama, nakufa kwa baridi," akasema. Na bibi, bila hata kufikiri, akamwachia kiti chake. Nilimtazama akila maharagwe yetu. Anameza, anasifia. Bibi alikuwa mbele yake, na shazia yake mkononi, ile sindano nene ya kushonea magunia, anamalizia mfuniko wa kikapu chekundu kilichokuja kuziba pengo la kile alichomwibia. Na yeye anakitazama, anasema, "Mama, una mikono jamani!" Weee!

Ng'ambo ya barabara aliishi mama mzee Mmarekani, peke yake. Jina lake halikuwa rahisi midomoni mwetu, tukamwita Bibi wa Chumvi, kwa sababu kila theluji ikianguka alikuja kumwaga chumvi kwenye ngazi zetu kabla ya kumwaga kwenye zake, tusiteleze. Siku ile tulimwona dirishani akivuka, theluji inamfika magotini. Baba Mkongo alitoka mbio akamshika mkono. Aliingia anapiga buti sakafuni, amekumbatia kitu kilichofunikwa kwa kitambaa cha jikoni. Akakiweka katikati ya meza, akafunua.

Biskuti za mdalasini, bado zina moto. Na kilichobeba biskuti kilikuwa kikapu cha bibi. Rangi ya udongo na nyeusi, doa la moto ubavuni.

Mkono wa bibi ulisimama hewani na shazia yake. Mwenyekiti alishusha kikombe polepole. Bibi wa Chumvi hakuona kitu; alikuwa anavua kofia na kuniongelesha mimi. Alisema nimwambie rafiki yetu kwamba kikapu alichokisuka anakitumia kila siku. Kwamba siku ile maktaba alikisifia tu, na mama huyu mkarimu akampa palepale, akakataa kukipokea tena. Kwamba tangu hapo alikuwa anaona haya kumwomba amfundishe, lakini leo kwa kuwa hakuna anayekwenda popote, amekuja na nyuzi zake. Akatoa mfukoni bonge la uzi wa kijani.

Sasa elewa jambo moja. Mdomo wa nyumba ile nilikuwa mimi. Barua za shule, bili ya gesi, daktari wa bibi, vyote vilipita kwangu, na nilikuwa nimejifunza kuchuja. Mwalimu akisema mtoto huyu ni mkorofi, mama alisikia mwalimu anakusalimia. Siku ile sikuchuja. Nilitafsiri neno kwa neno, taratibu, kwa sauti ya kumfikia hata baba Mkongo aliyesimama mlangoni. "Anasema kikapu ulichokisuka. Anasema ulimpa kwa mkono wako. Anasema umfundishe kuanza." Kisha nikaichukua shazia mkononi kwa bibi, nikaiweka kwenye kiganja cha mwenyekiti. "Shika, mama mwenyekiti. Mgeni anakusubiri."

Kazi ya kusuka, ugumu wake uko mwanzoni. Kile kitovu cha katikati, pale ambapo bado hakuna kikapu cha kushika, ndipo utamjua msusi. Mwingine yeyote anaweza kuendeleza kilichoanzwa. Mwenyekiti aliuzungusha uzi kidoleni, akachoma shazia, akavuta. Ukafumuka wote. Akaanza tena kama mtu anayefunga mdomo wa gunia. Ukafumuka. Jasho lilimtoka, na nje kulikuwa na baridi ya kupasua chupa. Baba Mkongo akasema, "Ah, donc..." kama mtu anayesema "kumbe", akainama kufunga kamba za viatu vyake. Na mimi? Mimi nilikuwa nimesimama pale nimeshika kiuno. Haki ya nani, tangu tutue Marekani sikuwahi kufurahi namna ile.

Ndipo bibi akasema, sauti ya kawaida kabisa, "Mwambie mgeni vidole vya mwenzangu vimeganda na baridi ya juu. Mwambie nitamwonyesha mimi."

Nikamtazama bibi. Alikuwa amenikazia macho, na nilijua macho yale yanataka nini. Nikamgeukia Bibi wa Chumvi, nikamwambia kwa Kiingereza changu chote kwamba kikapu hiki alikisuka mama yake bibi, huko Burundi, na kwamba mama huyu alikiazima, akamgawia yeye, akaja kutuambia kimeibiwa.

Bibi wa Chumvi alifunika mdomo. Kisha akakisukuma kikapu juu ya meza, na biskuti zake zote, mpaka kikagusa kifua cha bibi. Kumbe mtu anaweza kuwa na adabu zetu bila kufundishwa na yeyote: alikirudisha kimejaa. Mwenyekiti alisimama, akakunja blanketi lake. Akashukuru kwa chai. Hebu fikiria, akashukuru! Tukasikia hatua zake ngazini, kisha juu ya vichwa vyetu, kisha hatukusikia tena kitu.

"Nilikupa maneno ya kupeleka," bibi akaniambia, "ukapeleka yako." Hakuniadhibu zaidi ya hapo, ila ilinichoma. Mchana ule wote alimfundisha Bibi wa Chumvi kitovu, mikono kwa mikono, hakuna anayejua lugha ya mwenzake, wakila biskuti na maharagwe pamoja. Baba Mkongo alipeleka juu hita yake ndogo ya umeme.

Kabla giza halijaingia, bibi alikata uzi wa mwisho wa kikapu chekundu. Akaniambia nilete debe la maharagwe makavu. Akahesabu viganja saba mpaka mfuniko ukagoma, akaubonyeza ukakaa. "Peleka juu."

"Kwa nani? Kwa mwizi yule? Sweta yangu?"

"Peleka. Kwa mikono miwili."

Nilipanda nikilia kwa hasira. Nilimwona bibi mjinga, Mungu anisamehe. Mwenyekiti alifungua mlango, mvuke bado unamtoka mdomoni hata na ile hita ndogo. Alikitazama kikapu muda mrefu kabla ya kunyoosha mikono, akakipokea kama mtu anayepokea barua ya mahakama. Nilishangaa. Kwa hesabu yangu alikuwa amesamehewa, tena kapewa na maharagwe.

Hakushuka tena. Akikutana na bibi mlangoni aliinamisha kichwa, akapita. Bibi akawa anakwenda hospitali kwa basi, na mkongojo wake, kwenye barafu, mimi nimemshika kiwiko. Maharagwe akachambua peke yake. Majira ya kuchipua yalipofika, mwenyekiti na mume wake wakapakia gari alfajiri, wakahamia Columbus, wakaondoka na kikapu chekundu. Kila mgeni aliyetoka Columbus, bibi alimkaribisha chai, kisha akauliza, "Yule mwenzangu hajakupa kitu uniletee?" Mgeni akisema hapana, bibi alitabasamu. Miaka yote nilidhani ni huzuni. Nilidhani mimi ndiye niliyempotezea rafiki kwa mdomo wangu, na nilivyokuwa najilaumu ndivyo nilivyozidi kumchukia yule mama.

Sasa leo nimekigeuza kikapu hiki huku na huku karibu na dirisha. Hakina vumbi. Sufu ya ncha ya mfuniko imechakaa, imekuwa nyeusi kwa mafuta ya vidole. Mahali pengine popote hakijachakaa hivyo. Huu ni mfuniko uliofunguliwa na kufungwa, ukafunguliwa na kufungwa. Nimemwona akilini yule mama kule Columbus, amekiweka mezani, anawaza. Atie nini? Unga? Mchele? Unatia nini kwa mtu uliyemwibia kikapu cha mama yake, ukamdanganya, naye akakujazia kingine? Akikirudisha kimejaa, atakuja kukaa tena kwenye kile kiti na kumtazama bibi usoni. Akikirudisha kitupu, watu wote wa kwetu watajua ni nani aliyekata urafiki. Miaka kumi hakuweza hili wala lile. Akasubiri bibi afe.

Na bibi alijua! Ndiyo maana alitabasamu. Mimi na ulimi wangu nilimwaibisha mwenyekiti dakika kumi, nikajiona shujaa. Bibi alimfunga miaka kumi kwa viganja saba vya maharagwe, tena kwa mikono miwili, tena kwa adabu. Nilimwita mjinga, kumbe hakuna mtu katika ukoo wetu aliyekuwa na kisasi kirefu kama chake. Nimecheka peke yangu jikoni humu mpaka machozi.

Nyumba ile ya Buffalo imeuzwa, wameipaka rangi ya kijivu. Bibi wa Chumvi alipelekwa kwenye nyumba ya wazee kule Amherst, na huko ndiko alikofia. Ngazi zetu za sasa namwaga chumvi mwenyewe. Theluji bado inaanguka ile ile, lakini hakuna anayevuka barabara na kitu cha moto chini ya kitambaa. Kikapu cha udongo na nyeusi kiko juu ya friji kwa mama, na kusuka nimebaki mimi, tena najua kitovu tu.

Kesho tunarudi Buffalo kwa gari, na njia inapita Columbus. Mchana huu nimetembea mpaka duka la watu wetu hapa Beechmont, nikanunua maharagwe ya njano, yale aliyoyapenda bibi. Nimepima viganja saba. Shangazi ameamka, amenikuta, akauliza, "Kumbe umemsamehe?" Nimeubonyeza mfuniko ukakaa. Nitagonga mlango wake na kumpa kwa mikono miwili, nitamsalimia vizuri, sitaingia ndani. Bibi alianza akiwa mzee. Mimi nina miaka ishirini na moja; muda ninao.